Mtoto Asiyetulia Si Mkosaji

Kila siku ya masomo katika shule zetu hutolewa adhabu isiyo na kosa. Anayeipata ni yule mtoto ambaye walimu wote wamekwisha lijua jina lake kabla muhula wa kwanza haujamalizika. Huinuka kitini bila ruhusa, hujibu kabla swali halijaisha, huanza hesabu kumi akafanya tatu, na kalamu aliyopewa asubuhi huipoteza kabla ya mchana. Huitwa mtukutu, mjeuri na mvivu. Huchapwa Jumatatu, na Jumanne kosa ni lile lile. Mtu akitumia dawa moja kwa miaka saba na mgonjwa asipone, huishuku dawa. Katika shule zetu anayeshukiwa ni mgonjwa.

Hoja ya makala haya ni moja. Baadhi ya watoto hao hawakatai kutulia, bali hawawezi kutulia kwa kiasi wanachodaiwa. Kumpiga mtu kwa jambo asiloliweza ni dhuluma, hata kama mpigaji ana nia njema.

Ushahidi

Jambo hili si uzushi wa jana. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili ya kawaida ambao hawakuweza kujizuia wala kukaza fikra kama wenzao. Leo madaktari huiita hali hiyo kwa herufi nne, ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Hesabu zilizokusanywa kutoka mabara mbalimbali zinaonyesha kwamba huwapata takriban watoto 5 katika kila 100. Mwalimu mwenye darasa la watoto 80, basi, huenda anao wanne mbele yake kila asubuhi.

Wala chanzo chake si mama aliyeshindwa kulea. Uchunguzi wa mapacha umethibitisha kwamba urithi una sehemu kubwa kuliko sababu nyingine zote. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kupiga picha bongo za watoto wenye hali hiyo na za wenzao. Kwa watoto wa kawaida, nusu ya tabaka la nje la ubongo ilikuwa imefikia kilele cha unene wake katika umri wa miaka 7 na nusu. Kwa wenye ADHD ilikuwa miaka 10 na nusu. Ubongo wao ulikua kwa taratibu ile ile, ila ulichelewa miaka 3, na ulichelewa zaidi katika sehemu za mbele zinazomwezesha mtu kujizuia na kupanga kazi yake. Hakuna mwalimu anayemchapa mtoto wa miaka minane kwa kushindwa kubeba gunia la kilo 100. Kwa nini basi achapwe kwa kushindwa kubeba dakika 40 za ukimya?

Wapingaji

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, na kwamba mtoto wa Kiafrika hana nafasi ya kuyaugua. Waliosema hivyo na watazame karibu. Mjini Kampala watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba miaka 2 baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa fikra, na kwamba upungufu huo ulikuwa hasa katika umakini. Malaria hiyo ndiyo hii tunayoifahamu Kigoma, Geita na Mtwara. Mtoto ameponea chupuchupu, amerudi darasani na kovu lisiloonekana, kisha anapigwa kwa ajili ya kovu hilo. Huo ndio ugonjwa wa Wazungu?

Wako tena wanaotukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli kabisa. Lakini kukunja si kuvunja. Mtoto wa aina hii huhitaji nidhamu kuliko wenzake wote, nidhamu ya utaratibu usiobadilika kila siku, wenye sifa anapofanya vema na kizuizi kidogo cha papo kwa papo anapokosea. Fimbo haimfundishi utaratibu huo. Humfundisha kuiogopa shule, na anayeiogopa shule huitoroka. Kisha jina lake huandikwa katika orodha ya watoro na kesi hufungwa, kana kwamba ni yeye aliyeikataa elimu.

Zaidi ya hayo, watumishi wa umma hawana budi kuheshimu sheria kabla ya kuwadai watoto utii. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliweka viboko kwa makosa mazito, visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Kuchezea rula ni kosa zito? Kuchungulia dirishani ni kosa zito? Mwalimu anayezunguka madawati na fimbo mkononi, akimgonga kila anayetikisika, hatetei nidhamu. Yeye ndiye anayevunja kanuni.

Kazi ya Mwalimu

Hoja ya tatu ya wapingaji ina uzito, nayo ni wingi wa wanafunzi. Hatuwezi kuwabeza walimu wanaofundisha watoto mia katika chumba kimoja. Lakini yafaayo kutendwa mengi hayana gharama. Mtoto huyu aketi mbele, karibu na mwalimu na mbali na mlango na dirisha, kando ya mwenzake aliyetulia. Aelekezwe jambo moja kwa wakati mmoja, naye alirudie kwa mdomo wake kabla ya kuanza. Hesabu kumi zigawanywe tano na tano, zikaguliwe tano za kwanza kabla hajaendelea. Yeye ndiye atumwe kufuta ubao na kugawa madaftari, ili haja yake ya kutembea igeuke msaada kwa darasa. Asinyimwe mapumziko kama adhabu, kwani ndiyo yanayompa nafuu. Asifiwe mara tu anapofanya vema, wala si mwisho wa muhula. Mzazi apelekewe kila siku neno moja la jinsi siku ilivyokwenda, na siku njema zitajwe kama zinavyotajwa mbaya.

Mwalimu asimsahau pia yule aliye kimya. Wako wenye hali hii wasiosumbua mtu, na wengi wao ni wasichana. Huketi wametulia, macho kwenye ubao, fikra ziko mbali. Kwa kuwa hawapigi kelele hakuna anayewaona, nao hufeli polepole wakiitwa wazito.

Hata hivyo tusihame kutoka kosa moja kwenda jingine. Si kila asiyetulia ana ADHD, wala mwalimu si daktari. Mtoto aliyekuja shule bila kula hatatulia. Asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, anayekesha kwa vurugu za nyumbani, hatatulia. Katika nchi kadhaa imeonekana kwamba watoto wadogo kwa umri kuliko wenzao darasani ndio hupachikwa jina hili zaidi, kumbe ni udogo tu. Kwa sababu hiyo madaktari hutaka dalili zidumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama shuleni na nyumbani, na ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12. Kazi ya mwalimu ni kuangalia, kuandika anayoyaona, kuzungumza na mzazi kwa heshima, na kushauri mtoto apelekwe kupimwa macho, masikio na afya kwa jumla. Maandishi hayo ya mwalimu yatamfaa daktari kuliko maelezo ya saa moja katika chumba cha hospitali.

Wajibu wa Wakubwa

Lakini itakuwa unafiki kumtwisha mwalimu mzigo huu peke yake. Taifa limeandika Mkakati wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Mkakati uliofungiwa kabatini haumfundishi mtu. Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimeandaa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi, lakini mtoto tunayemzungumzia yumo katika darasa la kawaida, mbele ya mwalimu wa kawaida. Basi somo hili lisiachwe kwa wataalamu wachache. Lifundishwe katika kila chuo cha ualimu. Maofisa elimu wa kata waliweke katika mafunzo ya walimu kazini. Wathibiti ubora wanapoingia darasani wasihesabu maandalio ya masomo tu, bali waulize pia kitabu cha viboko kiko wapi na kimeandikwa nini. Hospitali za mikoa zijue zitampokeaje mtoto aliyeletwa na barua ya mwalimu.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa Machi 1967, moja ya makosa iliyoyashutumu katika elimu ya kikoloni ni kuwachagua wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Tangu mwaka 2016 tumefuta ada tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na watoto wameitika kwa wingi. Haitakuwa na maana kumfungulia mtoto mlango wa mbele bila ada, kisha kumfukuza kwa fimbo kupitia dirishani. Mtoto huyu ameletwa shuleni afundishwe. Wajibu wetu, walimu na watumishi wote wa elimu, ni kumfundisha jinsi alivyo.