Taaluma Tatu Chini ya Kitivo Kimoja

Kuunganishwa kwa taaluma mbalimbali katika kitivo kimoja huchukuliwa mara nyingi kuwa suala la utawala na bajeti tu. Mfano wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, unadhihirisha kuwa mtazamo huo haujitoshelezi. Mwaka 2009 chuo hicho kiliunda kitivo cha mawasiliano, sanaa na teknolojia. Hata hivyo, ushirikiano wa taaluma hizo ulikuwa umekwisha kuota mizizi hapo miongo kadhaa kabla ya kitivo chenyewe.

Mtunzi wa muziki R. Murray Schafer, aliyefundisha chuoni hapo kuanzia 1965 hadi 1975, aliongoza utafiti wa mandhari ya sauti. Yeye na wenzake walirekodi sauti za jiji la Vancouver, zikiwamo kengele na honi za kuonya meli wakati wa ukungu, wakazitoa katika santuri mwaka 1973. Waliuliza: sauti fulani humwambia nini mkazi wa mahali, na ikitoweka hupotea nini? Mwanamuziki peke yake hawezi kulijibu swali hilo. Wala mtaalamu wa mawasiliano, wala fundi wa tepurekoda. (Watafiti wa fasihi simulizi, ambao huinakili ngano na kisha kuisahau kanda, wangefaidika kwa kulitafakari.) Barry Truax, aliyeuendeleza utafiti huo, alifundisha mawasiliano na pia sanaa, na mwaka 1986 alitunga Riverrun kwa kuisuka sauti katika kompyuta kutokana na chembechembe ndogo mno.

Wapo wanaohofu kwamba katika muungano wa namna hii teknolojia, yenye soko, itazimeza nyingine. Hofu hiyo ina msingi, lakini kikwazo kingine hakitajwi sana, nacho ni umbali. Sehemu za kitivo hicho zimetawanyika Burnaby, Surrey na Vancouver. Aliyeko Surrey akibuni programu hasikii mazoezi ya ngoma yanayofanyika katikati ya jiji la Vancouver.

Kwa hiyo chuo kinachokusudia kuunda kitivo cha aina hii hakina budi kuanza na nafasi za ualimu zinazomilikiwa na idara mbili, kama ile ya Truax, pamoja na somo la kusikiliza na kurekodi kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Kibao cha mlangoni kinaweza kusubiri.