Mshahara wa Muuguzi na Dinari Mbili za Msamaria



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, binti mmoja wa hapa Kaloleni alitusubiri mlangoni mwa kanisa hadi watu wote walipokwisha kuondoka. Ni muuguzi. Alisoma miaka mitatu akapata stashahada, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na anafanya kazi katika zahanati ya mtu binafsi mjini. Alitusalimu, akainamisha kichwa, kisha akauliza: “Baba, hivi ni dhambi kuacha uuguzi?”

Akatueleza hali yake. Akishalipa kodi ya chumba, nauli ya daladala na ada ya mdogo wake, kinachobaki hakimfikishi tarehe kumi. Dada yake anauza mchele katika soko la Kilombero na amemwita wafanye biashara pamoja. “Kwa mchele nitapata mara mbili ya ninachopata sasa, Baba. Lakini wale wagonjwa nawaachia nani?”

Tulikiri kwamba hatuna jibu la papo kwa papo, tukamwomba atupe juma moja. Tafakari hii, basi, ni deni tunalolilipa kwake, na tunawaomba nanyi mlitafakari pamoja nasi.

Jibu jepesi tunalijua sote, maana tumelitoa mara nyingi: uuguzi ni wito. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi huwasha mishumaa, huimba na kurudia kiapo chao, nasi viongozi husimama na kuwasifu. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yafaa tujiulize kwa nini neno “wito” hutamkwa kwa sauti kubwa zaidi pale mshahara unapokuwa mdogo zaidi.

Tuurejee mfano wa Msamaria mwema, katika sura ya kumi ya Injili ya Luka. Tumezoea kumsifu kwa huruma yake, na kwa mafuta na divai aliyomimina katika majeraha. Mara chache tunamfuata hadi kwenye nyumba ya wageni. Huko alitoa dinari mbili akampa mwenye nyumba ili amtunze majeruhi, na akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Katika Injili ya Mathayo twaona kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Msamaria, basi, alilipa ujira wa siku mbili na kuacha hesabu wazi. Hakumwambia mwenye nyumba kwamba kumuuguza mtu ni kazi ya upendo, hivyo aifanye bure. Huruma yake mwenyewe aliitoa bure, lakini kazi ya mwingine aliilipia.

Je, wauguzi watabaki kazini kwa malipo duni? Wengi wanabaki, na ukweli huu hatuna budi kuutazama vizuri. Katika nchi yetu wapo vijana waliohitimu uuguzi ambao kwa miaka wamekuwa “wakijitolea” katika vituo vya afya, wakipewa nauli au wasipewe kitu, huku wakisubiri tangazo la ajira serikalini. Jambo la kushangaza ni kwamba wodi zinalia upungufu wa wauguzi, na mitaani wapo wauguzi wasio na kazi. Kinachokosekana ni fungu la kuwalipa. Na mahali ambapo wengi wanangoja mlangoni, aliye ndani huogopa kuomba nyongeza.

Tena muuguzi wa Tanzania hana njia nyingi za kudai haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaziweka huduma za afya miongoni mwa huduma muhimu, ambazo kwa kawaida mgomo wake hauruhusiwi. Sababu yake tunaielewa. Wenzetu wa Kenya walishuhudia wauguzi wa hospitali za umma wakigoma tangu Juni hadi mwanzoni mwa Novemba 2017, takribani siku 150, na waliobeba mzigo mzito zaidi walikuwa maskini wasioweza kulipia hospitali binafsi. Lakini jamii inayomwambia mtu asigome kwa sababu kazi yake ni uhai wa watu, jamii hiyo hiyo imekiri kwamba kazi yake ni ya thamani kuu. Itaikirije thamani hiyo katika sheria na kuisahau siku ya mshahara?

Papa Leo XIII aliligusa jambo hili mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa kuhofia mabaya zaidi, kukubali kwake hakuufanyi ujira huo kuwa wa haki, huyo ameonewa. Kwa hiyo swali la kama muuguzi atabaki halitoshi. Anaweza kubaki, nasi tukawa tumemdhulumu.

Na kubaki huko kuna gharama. Wapo wanaotoka zamu ya mchana katika kituo kimoja na kuingia zamu ya usiku katika kingine. Mtu aliyesimama saa kumi na sita hupima dawa kwa mkono unaotetemeka. Tunalalamika kwamba muuguzi fulani alimjibu mama mjamzito kwa ukali, na ukali huo hatuutetei hata kidogo, kama tusivyoitetea bahasha inayodaiwa chini ya meza. Dhambi hubaki dhambi. Lakini anayempangia mtu zamu mbili na kumlipa nusu naye ana sehemu yake katika ungamo hilo.

Wengine huondoka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8, na nchi tajiri hazioni haya kuwatafuta kwetu Afrika. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi Wakenya kufanya kazi huko. Hatuwezi kumlaumu anayekwenda. Nasi hapa Arusha hatuhitaji hata ndege: sokoni na katika utalii tu, muuguzi aweza kupata zaidi ya anachopata wodini.

Hapa yatupasa kujitazama wenyewe. Kanisa lina hospitali na zahanati, na watu wetu huzipenda. Lakini serikali ilipoboresha mishahara na kuajiri kwa wingi kuanzia mwaka 2006, hospitali nyingi za makanisa nchini zilishuhudia wauguzi wao wakihamia serikalini. Wakati ule tulisikitika, na baadhi yetu tulisema kwamba moyo wa utume umepoa. Leo tunaona kwamba hatukuwatendea haki. Walihamia palipokuwa na mshahara mzuri zaidi na pensheni, kama ambavyo baba yeyote wa familia angefanya.

Tunajua watakaotujibu: zahanati haina fedha, na ikipandisha mishahara itapandisha bei, na maskini atakosa dawa. Hoja hiyo ni nzito. Serikali imepiga hatua, maana tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kimekuwa shilingi 500,000 kutoka 370,000. Sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, na vituo vidogo vina shida za kweli. Lakini yapo mambo yasiyohitaji utajiri: mkataba ulioandikwa, mshahara kutolewa kwa tarehe, michango ya hifadhi ya jamii kupelekwa, zamu ya ziada kulipwa. Na mwenye zahanati anayemuonyesha muuguzi wake hesabu zilizo wazi anamheshimu zaidi kuliko anayemhubiria wito huku akijenga ghorofa.

Kwa binti yetu, jibu letu ni hili. Hapana, mwanangu, si dhambi. Ukienda Kilombero, uza mchele kwa mizani ya haki na Mungu atakuwa pamoja nawe. Ukibaki, tutafurahi, lakini usibaki kwa sababu tumekutisha. Swali lako la nani atabaki na wagonjwa si lako peke yako kulijibu. Ni letu sote tunaougua, tunaoajiri na tunaopanga bajeti.

Juma hili, wapendwa, kila mmoja wetu anayemlipa mtu mshahara, awe mwenye zahanati, mwenye duka au mama mwenye msaidizi wa nyumbani, aketi na daftari lake na ahesabu kama angeweza kuishi mwezi mzima kwa kiasi hicho. Nasi parokiani tumeanza kuhesabu.

Tumsifu Yesu Kristo.