Swali la basi na swali la korti ni swali moja



Kila mara wabunge wakikaa pale Kigobe, Bujumbura, na waziri akaitwa kujibu maswali, kuna wenzetu huku Nyamugari wanaosema: zima hiyo redio, hayo ni mambo ya wenye nchi. Sisi hatukubali. Siku bunge linauliza juu ya usafiri na juu ya haki, linauliza mambo yetu pia, hata kama hatupigi kura.

Tuanze na usafiri. Miaka kadhaa sasa esanse ni shida. Nchi haina dola za kutosha za kununua mafuta nje, na sehemu kubwa yanasafiri njia ndefu kupitia Tanzania. Esanse ikikosa, nauli inapanda, probox inajaza watu mpaka kwenye buti, na mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa anabaki anangoja. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya Bujumbura. Serikali ilikuwa na sababu zake, lakini waliokula kwa baiskeli walibaki mikono mitupu. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba wa reli kutoka Uvinza hadi Musongati. Ni habari njema. Ila reli hiyo haitatubeba kesho asubuhi. Mbunge anayeuliza juu ya reli aulize pia juu ya basi la leo.

Sasa haki. Usiku wa kuamkia 7 Desemba 2021 moto uliwaka katika gereza la Gitega. Siku ile serikali ilitangaza watu 38 wamekufa. Gereza lile lilijengwa kwa watu 400, lakini ndani walikuwa zaidi ya 1,500. Miezi michache kabla, Rais Ndayishimiye alikuwa ametoa msamaha kwa wafungwa zaidi ya 5,000. Tunaushukuru msamaha. Lakini msamaha unapunguza maji kwenye ndoo wakati bomba bado liko wazi. Bomba lenyewe ni kesi zisizokwisha, watu wanaolala ndani wakingoja kuhukumiwa. Hilo ndilo swali la kumuuliza waziri wa sheria, tena na tena.

Mnaona basi na korti vinakutana wapi? Shahidi asiyepata gari hafiki. Asipofika, kesi inaahirishwa. Ikiahirishwa, aliye ndani anaendelea kukaa ndani, na mama aliyeshitaki anatafuta nauli mara ya pili, mara ya tatu, halafu anachoka na kuacha. Kwetu wakimbizi kuna jambo moja la ziada: lazima kwanza tupate karatasi ya kutoka kambini. Karatasi ina siku zake, korti ina siku zake, na gari halijui siku ya yeyote.

Tena mikoa 18 imekuwa 5, na komine 119 zimekuwa 42. Muyinga sasa iko ndani ya Buhumuza, makao makuu Cankuzo. Ofisi chache labda zinapunguza matumizi ya serikali, lakini nauli ya raia nani anaihesabu? Swali hilo linafaa kuulizwa mawaziri wawili kwa siku moja.

Wazee wetu wanatuambia mgeni haulizi kilicho jikoni. Tunawaheshimu, na wana haki ya kuogopa. Mkataba wa Afrika wa 1969 unatutaka tufuate sheria za nchi iliyotupokea na tusilete vurugu. Sawa kabisa. Hatutaki chama, hatutaki maandamano. Lakini mkataba wa 1951, ambao Burundi iliuingia mwaka 1963, unasema kwenye kifungu cha 16 kwamba mkimbizi ana haki ya kufika mbele ya korti. Haki ya kufika bila njia ya kufika ni maneno tu. Kuuliza njia si vurugu.

Basi tufanye nini? Tuache kulalamika kwa jumla. Kila kundi liwe na daftari: tarehe, safari gani, nauli kiasi gani, kesi iliahirishwa mara ngapi na kwa sababu gani. Majina ya watu yasiandikwe. Mwisho wa mwezi kamati yetu ipeleke hesabu hiyo kwa wanaotusimamia na kwa viongozi wa kolini, ili siku mbunge akipita huku apewe kitu cha kushika mkononi. Majirani zetu Warundi wanapanda basi lile lile, wanangoja korti ile ile. Tuwaombe waandike pamoja nasi, maana wao wana kura.

Waziri akijibu "tunalifanyia kazi", daftari litatuonyesha baada ya miezi sita kama kweli.

Nani anaanza na daftari la kwanza? Tuandikieni hapa chini.