Kuchonga injini Mtwara: bili ndogo, hasara kubwa

WENYE malori, Hiace na boti katika mji wa Mtwara na vijiji vya pwani hadi mdomo wa Mto Ruvuma huuliza swali moja kila injini inaposhushwa: kuchonga ni shilingi ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Anayeuliza bei ya mchongaji peke yake ameuliza sehemu tu ya gharama. Sehemu iliyobaki huifahamu baadaye, gari likiwa juu ya mawe na msimu wa korosho ukimpita.

Katika mkoa huu kalenda ndiyo inayopanga thamani ya gari. Minada ya korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/08, gunia hutoka chama cha msingi kwenda ghala kuu, na kutoka ghalani kwenda bandarini. Katika msimu wa 2024/25 nchi ilikusanya zaidi ya tani 500,000, na mikoa ya kusini ndiyo iliyotoa sehemu kubwa. Mzigo huo wote hupanda lori, na watu wenye fedha za korosho mfukoni hupanda Hiace. Kwa hiyo siku moja ya Novemba hailingani na siku moja ya Aprili. Injini inayokufa Novemba humtia mwenyewe hasara mara mbili.

Hesabu ya mfano

Ichukuliwe hesabu ya mfano tu, ambayo si bei ya soko. Hiace inamletea tajiri wake hesabu ya Sh 50,000 kwa siku. Injini imenoki, na fundi anasema bloku na krenki vipelekwe Dar es Salaam. Bili ya kuchonga ni Sh 500,000. Kusafirisha vyuma kwenda na kurudi, pamoja na nauli na malazi ya fundi, ni Sh 250,000. Gari linasimama siku 14, ambazo ni Sh 700,000 zisizoingia. Jumla ni Sh 1,450,000 kabla ya kununua pistoni, ringi, beringi na gasketi.

Katika jumla hiyo bili ya mchongaji ni kidogo zaidi ya theluthi moja, na siku za kusimama peke yake zinaipita. Sasa atokee mchongaji wa pili anayepunguza Sh 100,000 lakini anakawia siku nne zaidi. Tajiri atashangilia punguzo, huku hesabu ya siku nne, yaani Sh 200,000, ikiwa imekwisha potea. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwenye injini huvunja na sufuria.

Kinachonunuliwa ni kipimo

Wafanyabiashara wengi hudhani kuwa wanalipia mashine ikate chuma. Ukweli ni kwamba wanalipia kipimo. Injini ya 3L ya Toyota, iliyoenea sana kwenye Hiace na Hilux za zamani, ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 96. Silinda ikilika hupanuliwa hadi saizi ya pistoni kubwa zaidi. Saizi za kuongezea kwa kawaida hupanda kwa robo ya milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ingawa si kila kiwanda hutoa zote. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Ikizidi, injini itapiga kelele, itakula oili na kutoa moshi. Ikipungua, pistoni itavimba kwa joto na kung'ang'ania njiani kabla ya kufika Mingoyo.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuiba. Utaratibu sahihi ni silinda zipimwe kwanza, kisha pistoni zinunuliwe, na mchongaji akabidhiwe bloku pamoja na pistoni hizo ili achonge kwa kuzifuata. Wenye haraka hugeuza mambo. Huagiza silinda zichongwe hadi 0.50, halafu wakaanza kutafuta pistoni madukani. Wakikuta zilizopo ni za 1.00 tu, bloku hurudi kwenye mashine, bili hulipwa mara ya pili, na injini hupoteza uhai ambao ingeutumia kwa matengenezo ya baadaye. Bloku iliyomaliza saizi zake hubaki na njia ya kutiwa silivu, ambayo nayo ina bili yake.

Krenki nayo ina sheria kama hiyo, ila yenyewe hupungua badala ya kupanuka. Ikisagwa robo ya milimita, beringi zake lazima ziwe za saizi hiyo hiyo. Silinda hedi ipimwe kama imepinda na ijaribiwe kwa shinikizo kama ina ufa kabla ya kulainishwa. Anayelipa kulainisha hedi yenye ufa amenunua uso mzuri wa chuma kibovu.

Mchanga na maji ya chumvi

Mtwara ina matatizo yake ambayo mwenye gari wa Dar es Salaam hayapati kwa kiwango hicho. Njia ya Msimbati ni mchanga, na baadhi ya madereva huendesha hadi ufukweni kwenyewe. Kichujio cha hewa kilichotoboka au kisichokaa vizuri huvuta mchanga huo hadi ndani ya silinda, ambako hufanya kazi ya msasa. Injini ya namna hiyo hailiki sawasawa: sehemu ya juu ya silinda, ringi zinapogeukia, ndiyo huumia zaidi. Kuiwekea ringi mpya bila kuchonga ni kununua miezi michache ya ukimya.

Kwenye boti adui ni chumvi. Injini inayopozwa kwa maji ya bahari huoza njia zake za maji ikiwa haisafishwi kwa maji baridi, na joto likizidi hedi hupinda. Wenye boti wa pwani hii hawana mto mnene wa kupokea hasara hizo. Vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Oktoba 2017 upande wa pili wa Ruvuma, vilitikisa biashara ya mpakani, na mwenye boti aliyebaki na uvuvi peke yake hana pato la kurudia kuchonga mara mbili.

Kilomita 550

Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara. Lazima ikubaliwe kuwa safari hiyo si ile ya zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa pantoni, na mvua zilipokolea kusini kulifungika. Leo lami ipo na basi hufika siku hiyo hiyo. Hata hivyo, Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Somanga na mizigo ikakwama. Aliyekuwa na krenki yake ng'ambo ya maji wakati huo alijifunza kwamba umbali ni gharama hata pale nauli inapokuwa nafuu.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kununua injini nzima ya mtumba. Kwa mwenye lori anayesubiriwa na mzigo uamuzi huo unaweza kuwa wa busara, kwa sababu gari linarudi barabarani upesi. Lakini injini ya mtumba haina historia. Mnunuzi hajui ilitembea kiasi gani wala ilipata joto mara ngapi, na namba ya injini iliyomo kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe kwa mamlaka husika. Aliyenunua bila kuifungua na kuipima amehamisha bahati nasibu kutoka gari moja kwenda jingine.

Je, mashine ziletwe Mtwara?

Mwekezaji mdogo akisikia kilio hiki anaweza kudhani ameona mgodi. Kabla hajatia saini mkopo, afanye hesabu nyingine ya mfano. Tuseme mashine za mtumba za kupanua silinda na kusaga krenki, pamoja na kuzifunga, zimegharimu Sh milioni 120. Kila injini, baada ya mishahara, umeme na mawe ya kusagia, inaacha Sh 250,000. Zinahitajika injini 480 kurudisha mtaji, kabla ya riba. Zikija injini 10 kwa mwezi ni miaka minne. Zikija nne tu ni miaka 10.

Swali la mwekezaji, basi, ni kama kazi itakuwapo Machi na Juni sawa na Oktoba, maana mashine ni rahisi kupata kuliko kazi ya mwaka mzima. Historia ya mkoa huu inaonya vya kutosha. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, karanga zikagoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa kwa kukosa mzigo. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970 vingi viliishia kusimama. Chuma kilichokosa kazi hakiwi mali, huwa deni lenye kutu.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Gesi ya Mnazi Bay iko jirani, lakini mchongaji anahitaji umeme ulio tulivu. Ukikatika kisu kikiwa katikati ya silinda, alama inaweza kubaki ukutani na kazi ikaanza upya kwa saizi kubwa zaidi. Jenereta ni sehemu ya mtaji.

Hatua iliyo nafuu

Ipo hatua ya kati ambayo haihitaji milioni 120. Ni vipimo: geji ya silinda, maikromita za krenki, na kifaa cha kujaribu hedi kwa shinikizo, chini ya mkono wa fundi anayejua kuvisoma. Karakana yenye vifaa hivyo mjini Mtwara inaweza kumwambia tajiri, kabla ya kukata tiketi, kwamba bloku yake inahitaji 0.50, krenki yake ni nzima, na hedi yake ni ya kutupa. Hapo vyuma vitasafiri mara moja tu, pistoni zitanunuliwa zinazofaa, na kisichohitaji kuchongwa hakitalipiwa nauli. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, na VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994, zote ziko Mtwara. Mwenye karakana anayetaka kijana wa kufundisha au ushauri wa mradi ana pa kuanzia.

Daftari la karakana hiyo litamfaa mwekezaji kuliko ahadi za mdomo. Baada ya mwaka mmoja litaonyesha ni injini ngapi zilipimwa, za aina gani na mwezi gani. Likionyesha kazi ya kutosha, mashine ya kuchonga itakuja ikiwa na wateja. Likionyesha vinginevyo, atakuwa ameokoa milioni zake.

Wenye magari nao wana wajibu wao. Gari linaloanza kula oili Februari lishushwe injini kati ya Machi na Agosti, wakati hesabu ni ndogo na wachongaji wana nafasi, lisingoje kunoki njiani na korosho mgongoni. Risiti ya mchongaji iandikwe vipimo, yaani saizi ya kila silinda na ya krenki, isiishie kwenye jumla ya shilingi. Risiti isiyo na vipimo haimsaidii mtu injini ikirudi, kwa kuwa mchongaji atamlaumu aliyefunga na aliyefunga atamlaumu mchongaji, huku tajiri akilipa wote wawili.

Soko la kuchonga injini Mtwara litaendelea kuwa ghali kadiri wateja wanavyonunua bei badala ya kipimo. Tajiri atakayepima kwanza, akanunua pistoni, ndipo akamtafuta mchongaji, huenda akalipa bili kubwa kuliko ya jirani yake. Oktoba ikifika, gari lake litakuwa foleni ya ghala likisubiri kupakia.