Kabla ya Kumwita Mvivu, Fungua Pazia

Ingia katika ofisi nyingi za umma saa nane mchana: nje jua linawaka, ndani pazia zito limefungwa na taa moja inamulika mafaili. Mtumishi akisinzia, tunamwita mvivu.

Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kuwa jicho lina seli zinazohisi mwanga, si kwa ajili ya kuona tu, bali kuujulisha ubongo kuwa ni mchana. Nje, hata kukiwa na mawingu, mwanga huweza kufikia luksi 10,000. Ofisini mara nyingi haufiki 500. Mwili huyapokea mazingira hayo kana kwamba jioni imeingia.

Uzembe upo, sikatai. Hata hivyo, mwajiri anayemnyima mtu mwanga hana haki ya kumdai wepesi wa akili. Meza isogezwe dirishani kwanza. Barua ya onyo ifuate baadaye.