Kopo Lililobonyezwa Kitako



Kila mama aendaye sokoni kununua mchele au maharagi hulitazama kopo la muuzaji kabla ya kuuliza bei. Maana wako wauzaji wanaobonyeza kitako cha kopo kuelekea ndani. Ukilitazama kwa juu, limejaa hata kumwagika. Ukifika nyumbani, chungu hakijai. Bei haikupanda, wala muuzaji hakukunyang'anya kitu kwa nguvu. Amekuibia kwa kipimo.

Serikali nayo ina vipimo vyake. Huhesabu watu, hupima mavuno, huandika bei za vitu kila mwezi, hutafuta idadi ya wasio na kazi. Hesabu hizo huitwa takwimu. Leo tufikiri pamoja juu ya jambo moja: hutokea nini mkubwa wa nchi anapobonyeza kitako cha kopo la taifa zima? Wengine watasema: hayo ni mambo ya wasomi wa mji mkuu. La, ndugu zangu. Tutaona kwamba hasara yake hufika katika sufuria ya maskini.

Bei hupimwaje?

Katika nchi nyingi iko ofisi ya serikali yenye kazi hii. Watumishi wake huenda katika maduka na masoko yaliyochaguliwa, wakaandika bei ya mkate, ya nyama, ya mafuta, ya nauli. Mwezi unaofuata hurudi palepale na kuuliza bei ya vitu vilevile. Vitu vilivyogharimu 100 mwaka jana vikigharimu 110 leo, husemwa kwamba bei zimepanda 10 kwa mia.

Majina ya maduka hayo hufichwa. Kwa nini? Kwanza, muuzaji akiogopa kwamba jibu lake litapelekwa kwa mtoza kodi, hatasema kweli. Pili, mkubwa akijua ni maduka gani yanayoulizwa, aweza kuyalazimisha hayo peke yake yashushe bei, huku mji mzima ukinunua kwa bei ya juu. Basi siri hiyo ni kama kitako cha kopo: ikivunjwa, kipimo chote kimeharibika.

Yaliyotokea Argentina

Argentina ni nchi kubwa ya Amerika ya Kusini, na watu wake walio wengi wamebatizwa katika Kanisa Katoliki. Huko ndiko alikozaliwa Papa Fransisko. Ofisi yake ya takwimu huitwa INDEC, na sheria ya mwaka 1968 inalinda siri ya wale wanaoipa habari.

Mwanzoni mwa mwaka 2007 rais alikuwa Néstor Kirchner. Bei zilikuwa zikipanda, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Guillermo Moreno, mkubwa wa serikali aliyesimamia biashara ya ndani, alitaka apewe habari za maduka yanayoulizwa. Bibi Graciela Bevacqua, mtaalamu wa hesabu aliyeongoza kazi ya kupima bei, alikataa, akiishika sheria. Akaondolewa katika cheo chake.

Tangu hapo hesabu za serikali zikawa nzuri kupita kiasi. Mwaka baada ya mwaka ziliandika kwamba bei zimepanda karibu 10 kwa mia, hali wachunguzi wengine, hata ofisi za takwimu za baadhi ya majimbo, walikuta 20 au 25 kwa mia. Watumishi wa INDEC wenyewe hawakunyamaza wote. Mara nyingi walitoka nje, wakashikana mikono pamoja na raia na kuizunguka nyumba ya ofisi yao, kama watoto wanaomkumbatia mama mgonjwa.

Mwaka 2011 serikali iliwatoza wachunguzi binafsi waliotangaza hesabu zao faini ya pesos 500,000, naye Bibi Bevacqua alikuwa mmoja wao. Ndipo wabunge wa upinzani walipozichukua hesabu za wachunguzi hao, wakatafuta wastani wake, wakautangaza wenyewe kila mwezi Bungeni, kwa sababu mbunge hatozwi faini kwa neno alisemalo katika kazi yake. Tazameni ajabu hiyo! Kupanda kwa bei ya mkate, ambako kila mtoto atumwaye dukani alikujua, kulihitaji ulinzi wa Bunge ili kutajwe.

Watu wa mbali nao wakageuka. Mwezi wa Februari 2012, gazeti la London liitwalo The Economist liliacha kuchapa hesabu ya bei iliyotoka kwa serikali ya Argentina. Tarehe 1 Februari 2013, Mfuko wa Fedha wa Kimataifa uliikaripia nchi hiyo hadharani kwa sababu ya hesabu zake, jambo ambalo ulikuwa haujalitendea nchi yo yote.

Nani aliyelipa?

Msidhani kwamba uwongo huo ulikuwa maneno matupu. Serikali ilikuwa imekopa fedha nyingi kwa ahadi hii: bei zikipanda, deni nalo litaongezwa kwa kadiri ileile. Kwa hiyo kila sehemu iliyopunguzwa katika hesabu ilikuwa fedha waliyonyimwa waliokopesha. Na kati ya waliokopesha zilikuwamo akiba za uzee za wafanyakazi. Mzee aliyefanya kazi miaka 40 alipunguziwa haki yake, wala hakuona mkono wa mwizi.

Vyama vya wafanyakazi vilivyo na nguvu vilijitetea. Vilipodai mishahara, havikutazama karatasi ya serikali, bali bei za dukani. Lakini mwanamke afuaye nguo za watu, na kijana achuuzaye njiani, hawana chama cha kuwatetea. Hao ndio waliobaki na kopo lililobonyezwa.

Likafuata jambo baya zaidi. Kama bei ni za chini kwenye karatasi, basi maskini nao huwa wachache kwenye karatasi. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka 2013 serikali ilitangaza kwamba maskini ni 4.7 kwa mia tu. Kisha ikaacha kutangaza. Mwezi wa Juni 2015, Rais Cristina Fernández de Kirchner alisema mjini Roma, mbele ya shirika la dunia la chakula na kilimo, kwamba maskini wa nchi yake hawafiki 5 kwa mia. Lakini Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Argentina kilikuwa kikiendelea kuwatembelea watu nyumbani mwao na kuwauliza hali zao; nacho kilikuta kwamba maskini wanapita robo ya watu wote. Mwaka 2016, INDEC iliyotengenezwa upya ilitangaza 32.2 kwa mia. Ni haki kusema kwamba kipimo kipya kilidai mambo zaidi kuliko cha zamani, kwa hiyo si tofauti yote iliyotokana na uwongo. Walakini mamilioni ya watu walikuwa wamefutwa kwa kalamu. Na mtu aliyefutwa kwenye daftari, nani atamjengea zahanati?

Kuharibu ni siku moja, kutengeneza ni miaka

Mwezi wa Januari 2016 serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika takwimu za taifa. Ikaacha kutoa hesabu ya bei kwa miezi kadhaa, mpaka mwezi wa Juni, ili kipimo kitengenezwe. Jorge Todesca, mmoja wa wale waliotozwa faini, ndiye aliyewekwa kuongoza INDEC. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Mfuko wa Fedha uliondoa karipio lake.

Lakini madeni ya uwongo yaliendelea kudaiwa. Mwaka 2023 mahakama ya London iliiamuru Argentina ilipe karibu euro 1,300,000,000, katika kesi juu ya namna serikali ilivyohesabu ukuaji wa uchumi wa mwaka 2013. Mwaka 2024 mahakama ya Argentina ilimtia Moreno hatiani kwa mambo ya INDEC.

Je, ukweli uliziponya bei? Hapana. INDEC yenyewe ilitangaza kwamba katika mwaka 2023 bei zilipanda 211 kwa mia. Ni hesabu ya kutisha. Lakini watu waliisadiki, na mgonjwa anayejua homa yake aweza kutafuta dawa. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kurekebisha si kudanganya

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: mbona hata ofisi zenye sifa njema hubadili hesabu zao baadaye? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linahitajiwa siku hizi hata katika nchi tajiri.

Huko Marekani, tarehe 1 Agosti 2025, ofisi ya takwimu za kazi ilitangaza kwamba mwezi wa Julai kazi zilizoongezeka ni 73,000 tu, na kwamba hesabu za Mei na Juni zapunguzwa kwa kazi 258,000. Siku hiyohiyo Rais Donald Trump alimfukuza mkubwa wa ofisi hiyo, Bibi Erika McEntarfer, akisema kwamba hesabu zimechezewa. Wala hakuonyesha ushahidi.

Basi tuelewe. Ofisi hiyo huwauliza waajiri wengi sana. Wengine hujibu upesi, wengine huchelewa. Hesabu ya kwanza hutolewa kwa majibu yaliyofika. Yafikapo mengine, hesabu husahihishwa mbele ya watu wote, na sababu husemwa. Huko ni kurekebisha. Mwalimu akikosea kujumlisha maksi, kisha akasahihisha ubaoni darasa zima likiona, hakudanganya. Lakini akizibadili usiku, peke yake, kwa kuwa mzazi mwenye nguvu amemwambia, huyo amedanganya. Serikali ina haki ya kuuliza jinsi hesabu ilivyofanywa, na kuwaita wataalamu waichunguze mchana kweupe. Lakini mpimaji akifukuzwa siku ileile kipimo chake kilipochukiza, kila atakayemfuata ataanza kazi akiwa na hofu. Na hata akisema kweli, watu watajiuliza: je, ni kweli, au ni woga?

Mfalme Ahabu na nabii mmoja

Habari hii si mpya. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme twasoma juu ya Ahabu, mfalme wa Israeli. Alipotaka kwenda vitani alikusanya manabii 400, nao wote wakamtabiria ushindi. Alibaki mmoja, Mikaya, ambaye mfalme alimchukia kwa sababu hakumtabiria mema. Mikaya alisema kweli, akapigwa kofi, akatiwa gerezani na kulishwa chakula cha mateso. Mfalme akaenda vitani, asirudi mzima. Gereza lilimfunga nabii. Mshale haukulijua gereza hilo.

Mwenye kubonyeza kipimo cha taifa huvunja amri mbili pamoja. Huvunja ya nane, kwa kuwa asema uwongo juu ya jirani zake wote. Huvunja na ya saba, kwa kuwa kwa uwongo huo fedha hutoka mkononi mwa mmoja na kuingia kwa mwingine. Naye Papa Yoane XXIII, katika barua yake juu ya amani iitwayo Pacem in Terris, ya mwaka 1963, alifundisha kwamba kupewa habari za kweli juu ya mambo ya nchi ni haki ya kila mtu. Si zawadi ya mkubwa, bali ni haki.

Na sisi je?

Kwetu Kongo, hesabu kuu ya mwisho ya watu wote ilifanywa mwaka 1984, ikakuta watu karibu milioni 30. Leo wataalamu hukadiria zaidi ya milioni 100, lakini kukadiria si kuhesabu. Pasipo hesabu, kila msemaji hutaja namba impendezayo, wala hapana wa kumjibu. Siku watumishi wa hesabu watakapobisha hodi, enyi wazazi, wajibuni kwa kweli. Msiongeze watoto kwa kutumaini msaada, wala msiwafiche kwa kuogopa kodi.

Tena uaminifu wa hesabu huanza karibu. Mwenye kutunza fedha za parokia, za chama cha akina mama, au za likelemba, aisome hesabu mbele ya wote, hata siku ambayo inamwaibisha. Na sisi tusimchukie. Maana tukimzomea mtunza hesabu kwa sababu ameleta habari mbaya, tumemfundisha kuleta uwongo mwezi ujao. Hivyo ndivyo Ahabu alivyopata manabii 400.

Nanyi wanafunzi, mnaolalamika kwamba hesabu ni somo gumu, jifunzeni kwa bidii. Nchi itawahitaji watu wawezao kupima sawasawa, na walio na moyo wa kusema walichokipima mbele ya mkubwa asiyetaka kukisikia. Elimu ya kwanza hupatikana shuleni. Ya pili muiombe kwa Mungu kila siku, naye hawanyimi wamwombao.