Mastaa na "gemu za zamani": Bao limefanywa sahani ya korosho, wanaolicheza wanaitwa wavivu

Mjini hapa kitu kikishaonekana kinatoka vizuri kwenye picha, ujue kimekwisha. Vitenge vilipita huko. Vikombe vya bati vya chai vikapita huko, vikarudi dukani na bei ambayo bibi akiisikia anaomba maji. Sasa zamu imeangukia michezo ya utotoni.

Staa mmoja wa filamu, jina kapuni maana wenye macho walishaiona posti, aliandaa "Usiku wa Gemu za Zamani" kwenye sehemu moja ya kishua huko Masaki. Kiingilio elfu hamsini, na hapo kinywaji hujagusa. Kulikuwa na Monopoly, Ludo, keram iliyong'arishwa mpaka inajiona kwenye taa, na TV ya chogo inayoonyesha Super Mario. Watu wakapendeza, wakapiga selfi, wakaandika kapsheni za "tumekumbuka mbali".

Katikati ya meza kubwa kulikuwa na bao. Bao la ukweli, mti mzito, kazi ya fundi aliyekaa chini siku kadhaa na patasi. Ndani ya mashimo hakukuwa na kete hata moja. Kulikuwa na korosho, karanga na zeituni. Lile shimo la nyumba, ambalo mchezaji wa bao analilinda kama mama mwenye mtoto mchanga, lilikuwa limejazwa sosi.

Picha hiyo ikapata maelfu ya laiki. Kapsheni: "Turudi tulikotoka."

Sasa hapa ndipo stori inaponoga. Huyu huyu staa, miezi michache nyuma, alikaa kwenye kipindi cha redio akaulizwa kwa nini vijana wengi hawatoboi. Jibu lake likawa kwamba wanashinda vijiweni wanacheza bao na drafti badala ya kujituma. Mtangazaji akacheka, wakapigiana tano, ikapita. Kwa hiyo bao likichezwa na mzee wa Magomeni chini ya mwembe ni uvivu. Likiwekwa korosho Masaki ni utamaduni. Mti ni ule ule, mashimo ni yale yale. Kilichobadilika ni nani amekaa mbele yake.

Watetezi wameshaanza, na wanajulikana. Eti kwani korosho zinamuumiza nani? Eti si bora ameutangaza utamaduni wetu? Haya, tuulizane: ametangaza nini? Mtoto wa miaka kumi na mbili aliyeiona ile picha amejifunza kwamba bao ni chombo cha kuwekea vitafunwa. Ndicho kilichotangazwa.

Na kitu kilichodharauliwa pale si kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kete zenyewe kwa asili ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mti unaoota sana pwani. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni: sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Nyingine 22 zinabaki mkononi, zinaingia moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi, mchezo unaingia mtaji, na hapo ndipo wanaume wazima wanaposahau chakula kimepoa. Kula moja kunazaa kula nyingine, kete zinazunguka, zinageuza sura ya ubao wote kabla mkono haujatulia. Anayejua analiona hilo lote kichwani kabla hajagusa kete. Asiyejua anafungwa kete za mkononi hazijaisha, na kijiwe kinamcheka mpaka Ijumaa ijayo.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kupenda mchezo huu, na hakuna aliyethubutu kumwita mvivu. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alitoka kwao mpaka Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akamaliza tasnifu yake ya udaktari Leiden kuhusu umahiri wao. Mzungu alivuka bahari ili akae chini mbele ya wazee wale wale ambao staa wa Bongo anapita na kioo cha gari kimepandishwa.

Tuje kwenye Monopoly, maana nayo usiku ule ilikuwa na yake. Wageni walicheka sana wakifilisiana. Mmoja aliyekusanya viwanja vingi alisimama juu ya kiti akadai aitwe bosi. Pengine hakuna aliyewaambia mchezo ule umetoka wapi. Mwaka 1904 mwanamke wa Kimarekani, Lizzie Magie, alipata hataza ya mchezo alioubuni kuonyesha jinsi mwenye ardhi anavyotajirika huku mpangaji anazama. Lilikuwa somo la kukemea. Miaka ilipita, mwanaume mmoja, Charles Darrow, akauza toleo la mchezo huo kwa Parker Brothers mwaka 1935, akaondoka na utajiri na sifa. Kampuni ikainunua hataza ya yule mama kwa dola 500.

Kwa hiyo mchezo uliotungwa kulia kilio cha mpangaji ulichezwa Masaki kwa vicheko, huku mhudumu anayejaza glasi pengine anawaza kodi ya miezi sita anayodaiwa kwa mkupuo. Na mbunifu wa kweli akasahaulika, kama fundi wa lile bao alivyosahaulika. Historia ina masihara yake.

Upande wa gemu za TV nako hakuko salama. Kuna mwanamuziki mmoja mwenye wafuasi kibao ambaye siku hizi sebule yake ni maonyesho: Nintendo ya zamani, PlayStation ya kwanza, kaseti zimepangwa kwenye kioo na taa ya bluu. Anapenda kusimulia jinsi alivyokuwa mfalme wa Winning Eleven mtaani. Sawa, pengine ni kweli. Lakini ufalme huo aliupatia wapi? Nyumbani kwao hakukuwa na PlayStation, amesema mwenyewe. Aliupatia kibandani.

Waliokulia mitaani miaka ya 2000 wanakijua kibanda cha gemu. Bati, joto, benchi moja, watoto kumi na tano, pedi mbili, moja kitufe chake kimekufa. Unalipa kwa mechi, anayefungwa anaachia pedi, hakuna kulia. Pale ndipo watoto ambao wazazi wao hawakuweza kununua hata redio mpya waligusa teknolojia iliyotoka Japani. Kabla ya hapo wengine walipitia zile mashine za kuiga Nintendo, kaseti ikigoma unaitoa, unaipuliza, unaomba Mungu. Ndivyo Super Mario ya mwaka 1985 ilivyofika uswahilini, kwa mlango wa nyuma, miaka mingi baadaye, na ikapendwa vile vile. Kisha Nokia zikaingia na ile gemu ya nyoka, simu ya baba ikawa inaisha chaji kila Jumapili na hakuna anayejua kwa nini.

Yule aliyekuwa na kibanda mtaani kwa mwanamuziki wetu bado yupo. Kibanda kimepungua, TV imebaki moja. Inasemekana alimwandikia kijana wake wa zamani, hakuomba hela, aliomba apite tu siku moja watoto wamuone. Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa. Wiki hiyo hiyo ikapanda posti ya kaseti kwenye kioo: "Hizi ndizo zilinilea." Bwana wee, kaseti hazijawahi kulea mtu. Kuna mtu alikukopesha mechi ukiwa huna hata mia, ukamwambia "kaka nitaleta kesho", akakuachia pedi.

Hilo ndilo linalokera katika mchezo huu mzima wa kukumbuka zamani. Vitu vinakumbukwa, watu wanaachwa. Vifaa vinapangwa kabatini, waliofundisha kuvitumia wanaitwa wasio na kazi.

Na muda si rafiki. Hata wenzetu wenye makampuni na maghala wameshtuka. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kompyuta na TV zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Hizo ni gemu zenye diski, kaseti, vitabu vya maelekezo na wanasheria. Kama hizo zinapotea, itakuwaje kwa mchezo ambao hazina yake ipo kwenye vichwa vya wazee? Sheria za bao zinaweza kuandikwa kwenye karatasi. Jicho la kuona hatari kabla haijafika haliandikiki. Linapatikana kwa kukaa mbele ya anayejua na kufungwa, na kufungwa tena, mpaka siku moja mzee anakohoa kidogo kabla ya kucheza. Hapo unajua umemsumbua.

Haki itendeke pia. Vijiwe si peponi. Kuna wanaoweka hela mezani, mume anamalizia posho ya nyumbani kwenye karata, turufu imemgomea, anarudi na hasira badala ya unga. Hilo halitetewi. Na kuna kosa kubwa zaidi ambalo wazee wenyewe wanalikwepa: mabarazani kwingi binti hana pa kukaa. Akisimama kuangalia anaulizwa ametumwa nini. Ana akili ya bao, ana hamu, lakini benchi ni la wanaume. Usiku ule wa Masaki mabinti walikaa, walicheza keram, walifunga watu na walishangilia bila kuulizwa wametoka kwa nani. Hapo staa apewe maua yake. Kijiwe kisichompa binti nafasi kisilalamike wajukuu wakikosekana, maana nusu yao kimewafukuza chenyewe.

Lakini kosa la kijiwe halisafishi kosa la Masaki. Kijiwe kinabana nafasi ya kukaa, Masaki inauza nafasi kwa elfu hamsini. Katikati hapo yupo kijana wa kawaida ambaye angependa kucheza: hana kiingilio, na alishaambiwa redioni kwamba akikaa chini ya mwembe ataitwa mvivu. Basi anabaki na simu yake, anatazama picha ya korosho.

Wanaosema vijiwe vinapoteza muda wapige hesabu vizuri. Mzee aliyemaliza kazi zake za asubuhi, akakaa saa mbili jioni kwenye drafti ya vizibo vya soda, amecheka na majirani, amejua nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amepotea. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kahawa na dhumna vinakwenda pamoja na siasa za dunia nzima. Huyo anaitwa mvivu. Aliyelala kitandani saa mbili hizo hizo akipandisha kidole juu ya kioo cha simu, hajaongea na mtu, anaitwa "yupo bize mtandaoni".

Kama staa anataka kweli kurudi alikotoka, njia ni fupi na haina kiingilio. Atoe korosho, aoshe lile bao, aweke kete 64. Ashuke mtaani, atoe shikamoo yake vizuri, aombe kufundishwa. Wazee wa bao hawana makuu. Mzee ataitikia marahaba, atasogea kidogo kwenye benchi, atasema "kaa hapo ufungwe, mwanangu." Na binti yake aende naye, akae naye hapo hapo. Kamera iwepo, hakuna tatizo. Ila safari hii jina la mzee liandikwe kwenye posti, na hela ya tangazo, kama ipo, igawanywe. Na yule mwanamuziki ajibu ujumbe wa kaka yake wa kibandani. Hilo halihitaji hata nauli.

Video ya staa anafungwa bao na babu wa miaka sabini ingetazamwa kuliko sosi yoyote, na watoto wangeanza kuulizana ile nyumba ni nini na kwa nini mzee aliilinda vile.

Haya wadau, povu ruksa hapo chini. Ila anayekuja kumtetea staa aanze kwa kutaja nyumba ni shimo la ngapi.